Maji Yakichafuka, Furu Wawili Huwa Mmoja

Asubuhi moja mwaloni Kirumba, pale boti za wavuvi zinapotia nanga jijini Mwanza, nilimkuta mama mmoja ameinamia turubai la dagaa. Vidole vyake vilichagua haraka haraka, dagaa huku, majani na makombe ya konokono kule, na pembeni ya goti lake kulikuwa na kifungu cha samaki wafupi wenye macho makubwa. Nikamwamkia, nikamuuliza hao ni samaki gani. "Furu tu, baba," akanijibu bila kuinua kichwa.

Nikachutama niwaangalie. Hawakufika ishirini, lakini midomo yao haikufanana. Mmoja taya lake lilitangulia mbele kama la sangara mdogo. Mwingine mdomo wake ulikuwa mfupi, umeinamia chini, meno yamejipanga kama brashi ya viatu. Wa tatu alikuwa na koo nene, gumu ukilibonyeza kwa kidole gumba. Yule mama aliwasukumia wote upande mmoja kwa kiganja, akaendelea na dagaa wake.

Chini ya jina hilo moja zimo spishi zinazokadiriwa kufika 500, na karibu zote hazipatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Victoria. Wavuvi wa zamani wa huku hawakuishia kwenye "furu" tu. Wale wa kwenye mawe waliwaita mbipi, na jina hilo limepanda hadi kwenye sayansi: tangu 1998 kuna jenasi nzima ya samaki, yaani kundi la spishi za ukoo wa karibu, inayoitwa Mbipia. Jirani yake kuna jenasi Pundamilia, kwa sababu ya mistari. Na ndani ya Pundamilia yumo dume mmoja mwenye mgongo mwekundu, samaki wa Ghuba ya Mwanza, ambaye watafiti Frans Witte na Els Witte-Maas walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Nimekutana na watu wengi waliozaliwa na kukulia Mwanza ambao hawajawahi kusikia kwamba Mwalimu ana samaki wake hapa nyumbani, na kila mara hunisikitisha.

Nina hoja moja. Tumezoea kufikiri kwamba spishi hupotea pale wanyama wanapouawa, na kwamba mageuko ya viumbe ni habari ya mamilioni ya miaka isiyotuhusu sisi wa leo. Visiwa vya ziwa letu vinakanusha yote mawili. Hapa mazingira na mageuko yanafanya kazi kwa pamoja, mbele ya macho yetu, na tunaweza kupoteza spishi bila samaki hata mmoja kufa.

Tuanze na visiwa tunavyovijua. Miaka ya 1960 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward Wilson, walieleza idadi ya spishi za kisiwa kwa hesabu ambayo mtu yeyote aliyewahi kukaa mwaloni ataielewa. Mwalo una wanaofika na wanaoondoka. Ulio karibu na mji hupokea wageni kila boti linapotia nanga; ulio mbali, kama Goziba kule katikati ya ziwa, hupokea wachache. Mwalo mkubwa una vibanda, mama lishe na kazi za kumshikilia mgeni. Mdogo humchosha akaondoka. Kisiwa nacho ni hivyo hivyo. Umbali huamua wangapi wanafika, ukubwa huamua wangapi wanatoweka, na idadi ya spishi hutulia pale pande hizo mbili zinapolingana. Kwa makadirio ya jumla, eneo likiwa kubwa mara kumi, spishi huongezeka karibu mara mbili.

Ni hesabu nzuri, lakini ina wanaofika na wanaoondoka; wanaozaliwa hapo hapo haiwahesabu.

Mtazame popo mkubwa wa Pemba. Jamaa zake wa jenasi moja wanaishi Madagaska, Komoro na mpaka Asia, lakini bara la Afrika hayupo hata mmoja. Mababu zake walifika Pemba kwa mbawa kutoka upande wa bahari, wakatengwa na jamaa zao, na kwa muda mrefu wa kutengwa wakawa spishi ambayo haipo kwingine. Kufika kwao ni habari ya ikolojia. Kuwa kwao wa Pemba ni kazi ya mageuko, na ukiitoa kwenye hesabu hutaelewa kwa nini Pemba ina viumbe wasiokuwapo Tanga, ng'ambo tu ya mkondo.

Lakini si kila kisiwa kinaweza kuzaa spishi. Jonathan Losos na Dolph Schluter walipochambua mijusi aina ya anoli wa visiwa vya Karibea, mwaka 2000, walionyesha kwamba kwenye visiwa vya chini ya kilomita za mraba 3,000 hivi spishi karibu zote ni za kuja. Kwenye visiwa vikubwa kama Kuba, nyingi zimezaliwa humo humo. Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hili, kina kilomita za mraba 530 hivi. Kwa kipimo cha mjusi yule, ni kidogo mno. Konokono kwa upande wake wamewahi kuzaa spishi mpya kwenye visiwa visivyofika hata kilomita moja ya mraba. Ndege huhitaji nafasi kubwa mara nyingi zaidi, kwa kuwa huruka, na anayeruka huenda kuchanganya damu na wenzake wa mbali. Ukubwa wa kisiwa, basi, hupimwa kwa mwendo wa anayeishi humo.

Ndiyo maana nataka tuingie majini.

Kila mgeni wa Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck. Mawe ya namna ile hayaishii pale maji yanapoanza. Yanaendelea chini, yanarundikana, yanaacha nyufa na mapango madogo, kisha yanakatika. Baada ya hapo ni mchanga na tope. Kwa mbipi, rundo hilo la mawe ndilo kisiwa, na tope ndilo bahari yake. Hapendi kulivuka. Chakula chake kiko kwenye mawe, maficho yake yako kwenye nyufa. Tena jike wa furu hatagi mayai yakachukuliwa na mkondo: huyabeba mdomoni, na watoto vilevile, mpaka waweze kuogelea wenyewe, kisha huwatema pale pale alipo. Kwa samaki wa tabia hiyo, kilomita chache za tope zinatosha kutenga ndugu. Visiwa viwili ambavyo mtu huvivuka kwa boti kabla hajamaliza soda yake huwa na mbipi wa rangi tofauti.

Kutengwa peke yake, hata hivyo, hakutoshi kueleza 500. Ziwa hili lilikauka, na maji yalirudi miaka 16,000 hivi iliyopita, muda mfupi sana kwa hesabu za mageuko. Mwaka 2023 Nare Ngoepe na wenzake walichapisha walichokiona kwenye tope la sakafu ya ziwa, ambamo meno ya samaki wa kale yamehifadhika tabaka kwa tabaka. Furu hawakutangulia wengine. Jamaa za ningu na za kambale walifika nao. Mlango ulikuwa wazi kwa wote, ziwa jipya, chakula tele, nafasi tupu kila upande. Ningu leo ni ningu. Furu ndiye aliyegawanyika akawa mla mwani, mponda konokono, mla uduvi, mla magamba ya wenzake, na hata yule anayenyang'anya watoto kutoka midomoni mwa mama zao.

Wanaosema mazingira ndiyo yanayoamua kila kitu nawaomba wakae na swali hilo. Nafasi ilikuwa ile ile kwa wote. Kilichotofautiana ni alichokuja nacho kila mmoja. Furu alikuja na taya la pili kooni, linalosaga chakula, hivyo mdomo wa mbele ukabaki huru kubadilika kwa kazi nyingine. Ndilo hilo koo gumu nililolibonyeza Kirumba. Alikuja pia na damu ya mchanganyiko. Uchambuzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 na Joana Meier, Ole Seehausen na wenzao unaonyesha kwamba furu wa kanda hii ni wazao wa koo mbili, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa Naili ya juu, zilizokutana na kuzaliana takriban miaka 150,000 iliyopita. Uchotara huo uliwapa akiba ya tofauti ndani ya jeni. Sehemu ya akiba hiyo iko machoni: jeni moja inayoongoza jinsi jicho linavyopokea mwanga mwekundu ilikuja kwa namna mbili, moja kutoka kila ukoo.

Jicho hilo ndilo lililoniteka mimi kuliko yote.

Mfikirie nyererei na nduguye Pundamilia pundamilia. Madume ya nyererei ni mekundu mgongoni, ya pundamilia yana rangi ya buluu. Majike ya wote wawili yamepauka na yanafanana sana. Wanaishi kwenye mawe yale yale, ila wa buluu hukaa juu zaidi, mwekundu hukaa chini kidogo. Katika maji yenye ukungu wa chembe chembe, mwanga wa buluu hufa mapema. Unaofika chini ni wa rangi ya chungwa na nyekundu. Jike anayeishi chini ana jicho linalouona wekundu vizuri, na dume mwekundu ndiye anayeng'aa mbele yake. Jike wa juu ana jicho la mwanga wa juu, na macho yake huvutwa na buluu. Hivyo kina cha maji hupanga macho, macho hupanga ndoa, na ndoa hupanga spishi. Hakuna ukuta kati yao. Mita chache za maji zinafanya kazi ambayo kwa popo wa Pemba ilihitaji bahari.

Timu ya Seehausen ilifuatilia jambo hili kisiwa kwa kisiwa na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Makobe, karibu na maji mapana ya Ghuba ya Speke, maji ni maangavu, na hao wawili wametengana waziwazi, rangi kwa rangi, jeni kwa jeni. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa ambavyo ramani za watafiti huviita Python, maji yanaanza kuwa mazito na tofauti inapungua, ingawa ipo. Ukifika Luanso, kusini zaidi, ambako maji ni ya tope, hakuna wawili tena. Kuna kundi moja la samaki wenye rangi za katikati. Mwanga unabadilika upesi mno kutoka juu kwenda chini, ndani ya nafasi ambayo samaki mmoja huizunguka kwa siku, na jicho halina pa kutulia.

Miaka ya 1990 Seehausen na Jacques van Alphen walikuwa wamejaribu jambo hilo kwenye matangi. Chini ya mwanga wa kawaida, majike walichagua madume ya spishi yao. Mwanga ulipofanywa wa rangi ya chungwa peke yake, wekundu na buluu havikuonekana tena, na majike hawakubagua. Watoto waliozaliwa kwa mchanganyiko walikuwa wazima na wenye uwezo wa kuzaa. Soma tena sentensi hiyo ukiwaza tope linaloshuka Mto Mirongo kila mvua kubwa inaponyesha mjini. Hakuna samaki aliyeuawa, hakuna kokoro, hakuna sumu. Ziliingia spishi mbili, ikatoka moja.

Kuna wanaonijibu kwamba kama waligawanyika mara moja watagawanyika tena. Kuna ukweli hapo. Jeni za samaki wa Python zinaonyesha kwamba wahamiaji wa namna ya wale wa Makobe waliingia humo, wakachanganyika, kisha wakatengana upya kuwa wekundu na wa buluu. Ni habari ya kushangaza na nimeifurahia. Lakini kutengana huko kulitokea kwa sababu maji ya Python bado yanapitisha mwanga wa kutosha. Akiba ya jeni bila mwanga ni mbegu iliyowekwa ghalani.

Binadamu naye amekuwa mkondo unaoleta wageni visiwani. Kati ya 1966 na 1969 sokwe waliletwa Rubondo kwa meli, wengine wakiwa wametoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, na leo wazao wao wanaishi kwa kujitegemea msituni. Sangara naye aliletwa. Alipandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950, na katika Ghuba ya Mwanza alilipuka miaka ya 1980. Furu, ambao kabla yake walikuwa sehemu kubwa kabisa ya samaki wa sakafu ya ziwa, walifyekwa. Inakadiriwa spishi 200 hivi zilitoweka. Mbipi wa kwenye nyufa waliponea zaidi kuliko furu wa maji wazi, maana sangara mkubwa haingii kwenye ufa wa jiwe.

Wazee wa mialo wanaikumbuka miaka ile, na ni vigumu kuwalaumu kwa kuifurahia. Sangara alijenga nyumba, alisomesha watoto. Ninachokataa ni kusema kwamba hatukupoteza kitu kwa sababu furu hakuwa na bei. Furu ndiye aliyekula mwani, aliyekula uozo wa sakafuni, aliyeponda konokono. Alipoondoka, kazi hizo zilibaki bila wa kuzifanya kwa namna ile, na uduvi na dagaa wakajaa kwenye nafasi zilizoachwa wazi.

Kisha likatokea jambo ambalo natamani lifundishwe kila shule ya kanda ya ziwa. Kuna furu mdogo wa maji wazi, Haplochromis pyrrhocephalus, ambaye alikaribia kutoweka katika Ghuba ya Mwanza. Sangara walipovuliwa sana miaka ya 1990, alirudi. Ila aliyerudi hakuwa yule yule. Kwa kuwa timu ya Witte ilikuwa imehifadhi samaki wa zamani kwenye chupa, waliweza kuwalinganisha. Matamvua, yale mashavu mekundu ambayo mnunuzi huyafunua kuona kama samaki ni mbichi, yalikuwa yameongezeka eneo kwa asilimia 64, kwa sababu maji yalikuwa yamepungukiwa na hewa ya oksijeni. Kichwa kilipungua, macho yakawa madogo, na msuli unaohusika na kutafuna chakula kigumu ukanenepa. Miaka ishirini tu. Witte na wenzake walisema kwa uangalifu kwamba huenda ni mwili kujirekebisha pamoja na jeni kubadilika, na mimi naheshimu uangalifu huo. Vyovyote iwavyo, ziwa lilimbadilisha samaki ndani ya muda ambao mtoto huzaliwa na kufika chuo.

Kwa hiyo nikisikia mjadala wa kulinda ziwa ukianzia na kuishia kwenye makokoro na nyavu za timba, zana za uvuvi haramu, naona tumeshika nusu ya kazi. Doria ni muhimu, nami naunga mkono. Lakini doria haiwezi kukamata tope. Kingo za mito zinalimwa mpaka maji yanapogusa, maji machafu ya mitaa ya milimani yanateremka moja kwa moja, mbolea inaoshwa shambani, mwani unachanua, mwanga unazimika kwenye mawe ambako mbipi anatafuta mwenza. Hata vizimba vya samaki, ambavyo sivipingi kwa kuwa vinalisha watu, vinamwaga mabaki ya chakula na kinyesi majini. Visiwekwe juu ya miamba wala kwenye vighuba vilivyotuama. Viende kwenye kina na maji yanayotembea. Na katika kila mwalo wenye mawe, uangavu wa maji upimwe na uandikwe, kama tunavyoandika kilo za samaki.

Kupima si kazi ya maabara. Wataalamu wa maziwa hushusha kisahani cheupe kwa kamba na kuandika kinapopotea machoni. Mimi nilichukua sahani ya bati jikoni, nikaitoboa katikati, nikafunga jiwe chini yake, na kamba nikaipiga fundo kila nusu mita. Kijana mmoja wa Igombe alinipeleka kwa mtumbwi wake. Karibu na mdomo wa mfereji sahani ilizama, ikawa ya kahawia, ikapotea kabla fundo la pili halijagusa maji. Tukapiga kasia hadi kwenye mawe ya nje, nikaishusha tena. Mafundo yalipita mkononi moja baada ya jingine, na sahani bado ilikuwa inaonekana, nyeupe yenye ukijani, na pembeni yake kitu chekundu kilipita upesi kikaingia ufani.

Kijana aliweka kasia chini, akainama ukingoni hadi pua ikakaribia maji. Akataka kushika kamba yeye mwenyewe. Tuliporudi mwaloni nilikuwa nakunja vitu vyangu, akaniomba nimwachie ile sahani, na kalamu.